Vitamini D na Tiba ya Homa ya Ini B: Kiashiria Kisigeuzwe Dawa

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, tafiti za wagonjwa wa homa ya ini B sugu zilizofanywa Ulaya na Asia zimekuwa zikirudia jambo lile lile, kwamba wagonjwa wengi wana vitamini D kidogo katika damu, na kwamba mara nyingi wale wenye upungufu mkubwa zaidi ndio wenye virusi vingi zaidi na ini lililoumia zaidi. Kutokana na matokeo hayo limezuka swali lenye uzito kwa mgonjwa na kwa tabibu wake: je, kiwango cha vitamini D ndicho kinachoamua nani atapata nafuu anapotumia dawa za kupambana na virusi, na je, vidonge vya vitamini hiyo vingeiongezea dawa nguvu? Swali hili ni la haki, kwa kuwa vitamini D ni ya bei nafuu, hupatikana katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari, na husifiwa kila mahali kuwa huimarisha kinga ya mwili. Hata hivyo, ushahidi wote ukiwekwa pamoja na kupimwa kwa makini, unaelekea upande mmoja: kiwango cha vitamini D hueleza hali ya mgonjwa na ya ini lake, lakini haijathibitishwa kwamba kukipandisha hubadili mwitikio wa tiba. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha safu hii, kwa sababu anayeyachanganya anaweza kutumia fedha, muda na matumaini mahali pasipostahili.

Ugonjwa na maana ya mwitikio

Homa ya ini B sugu ni maambukizi ya virusi vya homa ya ini B yanayodumu mwilini kwa zaidi ya miezi 6, na hutambuliwa kwa kupima damu na kukuta antijeni ya ganda la kirusi, ambayo katika majibu ya maabara huandikwa HBsAg. Antijeni hiyo iligunduliwa katika miaka ya 1960 na Baruch Blumberg, mtafiti wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Umri ambao mtu huambukizwa ndio unaoamua kwa sehemu kubwa kama ugonjwa utakuwa sugu: kati ya watoto wachanga walioambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kwa kila 100 hubaki na virusi, ilhali kati ya watu wazima wanaoambukizwa hawafiki 5 kwa kila 100. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi haya sugu, milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika, na vifo vilivyotokana nayo, hasa kwa sababu ya kusinyaa kwa ini na saratani ya ini, vilifikia takriban milioni 1.1 katika mwaka huo mmoja.

Ugumu wa kuutibu ugonjwa huu unatokana na namna kirusi kinavyojificha. Kikishaingia katika seli ya ini, hupeleka vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli, na humo vinasaba hivyo hujifunga kuwa duara dogo la DNA linaloweza kukaa miaka mingi likitumika kama kielelezo cha kuzalishia virusi vipya. Dawa za kumeza zinazotumika sana leo, yaani tenofovir na entecavir, huzuia hatua ambayo kirusi kipya hutengenezewa DNA yake, na kwa hiyo hushusha sana wingi wa virusi katika damu, lakini haziligusi lile duara lililomo ndani ya kiini cha seli. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulazimika kuzitumia kwa miaka mingi, na wengine kwa maisha yao yote. Kundi la pili la dawa ni peginterferoni, sindano inayochomwa mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki 48, ambayo haishambulii kirusi peke yake bali huamsha pia mfumo wa kinga ya mwili ili nao uingie vitani.

Kutokana na hali hiyo, neno mwitikio lina maana zaidi ya moja katika ugonjwa huu. Upo mwitikio wa virusi, ambao maana yake ni kwamba DNA ya kirusi haionekani tena katika damu kwa vipimo vya kawaida. Upo mwitikio wa ini, unaoonekana pale kimeng'enya kiitwacho ALT, kinachovuja kutoka katika seli za ini zilizojeruhiwa, kinaporudi katika kiwango cha kawaida. Na upo mwitikio wa kinga, ambao huanza kwa kutoweka kwa antijeni ya HBeAg, inayoashiria kuzaliana kwa kasi kwa virusi, na hufikia kilele kwa kutoweka kwa HBsAg yenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokaribia kupona, na ndiyo iliyo adimu zaidi. Msomaji wa tafiti za vitamini D hana budi kuuliza kila mara ni mwitikio upi unaozungumziwa, kwa kuwa utafiti unaoonyesha uhusiano na mmoja huenda usionyeshe uhusiano wowote na mwingine.

Njia ya vitamini D kupitia ini

Vitamini D hupatikana kwa kiasi fulani katika samaki wenye mafuta na katika mayai, lakini chanzo chake kikubwa kwa watu wengi ni ngozi, ambayo huitengeneza inapopigwa na miale ya urujuanimno ya jua. Vitamini hiyo inapotoka katika ngozi au utumbo haiwezi kufanya kazi mpaka ipitie hatua mbili: kwanza huenda katika ini na kugeuzwa kuwa umbo la akiba, ambalo ndilo maabara hulipima, kisha huenda katika figo na katika baadhi ya seli za kinga na kugeuzwa kuwa homoni kamili, ambayo huingia katika seli mbalimbali na kuziamrisha kupitia protini inayoipokea. Umbo la akiba hupimwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu, na mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilieleza kwamba kiwango cha nanogramu 20 kinatosha kwa afya ya mifupa ya watu karibu wote, ingawa wataalamu wengine wamekuwa wakitaka kiwango cha 30. Upungufu mkubwa unaodumu huleta matege kwa watoto na kulainika kwa mifupa kwa watu wazima, na hilo halina ubishi.

Katika njia hiyo kuna jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Kiungo kinachotengeneza umbo la vitamini D linalopimwa ni ini, na protini inayolibeba umbo hilo ndani ya damu hutengenezwa na ini hilo hilo, ambalo pia ndiyo makao ya virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo mgonjwa ambaye ini lake limejaa makovu huweza kuonekana ana vitamini D kidogo kwa sababu tu kiwanda cha kuitayarisha kimechakaa, hata kama ngozi yake hupata jua la kutosha. Anayesoma takwimu za vitamini D kwa wagonjwa wa ini bila kulikumbuka jambo hili huweza kukichukua kilicho matokeo ya ugonjwa akakifanya chanzo chake.

Yaliyoonekana kwa wagonjwa

Utafiti ulioanzisha mjadala mpana ulifanyika Frankfurt nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013. Ulihusu wagonjwa 203 wa homa ya ini B sugu, na ulikuta kwamba asilimia 34 kati yao walikuwa na upungufu mkubwa, yaani chini ya nanogramu 10, asilimia 47 walikuwa kati ya 10 na 20, na asilimia 19 tu ndio waliovuka 20. Wagonjwa wenye virusi vingi walikuwa na vitamini D kidogo kuliko wenye virusi vichache, na wale wenye HBeAg walikuwa na kidogo kuliko wasio nayo. Lililowavutia zaidi wasomaji ni kwamba viwango vilibadilika kwa majira ya mwaka: vitamini D iliposhuka wakati wa baridi, wingi wa virusi ulielekea kupanda, na ilipopanda wakati wa kiangazi, virusi vilielekea kupungua.

Baada ya Frankfurt zilifuata tafiti nyingine. Nchini Vietnam, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walikuta uhusiano kama huo wa kinyume kati ya vitamini D na wingi wa virusi, pamoja na viwango vya chini zaidi kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umeendelea hadi ini kusinyaa. Huko Hong Kong, utafiti wa mwaka 2015 uliowafuatilia wagonjwa 426 kwa miaka mingi ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu mwanzoni ndio waliopata zaidi madhara makubwa ya ini baadaye. Mwaka 2019 uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa ulithibitisha kwamba wagonjwa wa homa ya ini B wana vitamini D pungufu kuliko watu wenye afya, lakini tofauti ya wastani ilikuwa ya takriban nanogramu 2 tu kwa mililita. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya kweli kitakwimu na bado ikawa ndogo mno kubeba mzigo wa kueleza kwa nini mgonjwa mmoja hupata nafuu na mwingine hubaki na virusi.

Sababu za kibiolojia za kudhani kwamba vitamini D husaidia zipo, wala si za kubuni. Homoni yake huamsha utengenezaji wa katelisidini, protini ndogo inayoua baadhi ya vimelea, na huelekeza seli za kinga zipambane bila kuvuka mpaka na kuiharibu miili inayozihifadhi. Katika ini lenyewe, seli zinazosuka makovu zina vipokezi vingi vya homoni hiyo, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vipokezi hivyo vikiamshwa, kasi ya kusuka makovu hupungua. Hata hivyo, seli za ini ambamo kirusi huzaliana zina vipokezi vichache sana vya aina hiyo, na majaribio mengine ya maabara yameashiria kwamba kirusi chenyewe huvishusha zaidi. Ikiwa hivyo ndivyo, basi uhusiano unaweza kwenda pande zote mbili, vitamini ikimzuia adui na adui naye akiinyima vitamini mlango wa kuingilia.

Kwa nini uhusiano hautoshi

Mambo mawili yanapoonekana pamoja mara kwa mara, kuna njia tatu za kulieleza hilo. Huenda la kwanza linasababisha la pili. Huenda la pili linasababisha la kwanza. Au huenda la tatu lisilotajwa linayasababisha yote mawili. Katika homa ya ini B njia zote tatu ziko wazi. Vitamini D ndogo inaweza kudhoofisha kinga na kuviacha virusi vizaliane. Virusi vingi na ini lililoumia vinaweza kushusha vitamini D. Na mgonjwa aliyechoka, anayekaa ndani, anayekula kidogo au mwenye unene uliokithiri anaweza kuwa na vitamini D ndogo na ini baya kwa pamoja, bila ya moja kulizaa jingine. Ndivyo ilivyo kwa malaria pia: joto la mwili wa mgonjwa hupanda, lakini kumwogesha maji baridi hakuui vimelea vilivyomo katika damu yake.

Ushahidi wa majira ya mwaka kutoka Frankfurt una nguvu zaidi kidogo kuliko mwingine, kwa sababu hakuna anayeweza kudai kwamba virusi ndivyo vinavyoleta majira ya baridi. Lakini majira hubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, yakiwemo maambukizi ya mafua, chakula, mwendo wa mwili na usingizi, na kila moja kati ya hayo huweza kuigusa kinga. Njia bora ya kulitenga jambo moja na mengine ni jaribio la nasibu, yaani jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa kwa mfano wa kura, wengine wakapewa vitamini yenyewe na wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa namna moja.

Yaliyopatikana katika tiba

Swali la mwitikio wa tiba limejibiwa kwa uwazi zaidi na utafiti ulioongozwa na Henry Chan wa Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2015. Watafiti walipima vitamini D katika damu ya wagonjwa kabla hawajaanza dawa ndani ya jaribio kubwa la kimataifa, ambamo baadhi walipewa tenofovir, baadhi peginterferoni, na baadhi zote mbili. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na vitamini D pungufu, na upungufu huo ulihusiana na ALT kutorudi katika hali ya kawaida baada ya wiki 48. Lakini kiwango cha mwanzo hakikutabiri mwitikio mkuu wa tiba. Kwa maneno mengine, kilichojitokeza ni uhusiano na hali ya ini, wala si uhusiano na ushindi wa dawa dhidi ya kirusi. Watafiti wa kusini mwa China nao, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka huo huo, hawakuona kwamba kiwango cha mwanzo kinahusiana na wingi wa virusi wala na kiasi cha makovu, jambo linaloonyesha kuwa hata ule uhusiano wa msingi haujitokezi kila mahali.

Matokeo hayo yanaeleweka vizuri zaidi aina mbili za dawa zinapotenganishwa. Tenofovir ina nguvu kiasi kwamba nafasi iliyobaki ya kuongezewa msaada ni ndogo: katika majaribio yaliyoifungulia njia mwaka 2008, baada ya wiki 48 virusi vilishuka hadi chini ya nakala 400 kwa mililita kwa asilimia 76 ya wagonjwa wenye HBeAg na asilimia 93 ya wasio nayo. Baada ya miaka 5 ya tiba, kati ya wagonjwa 96 walioanza wakiwa na ini lililosinyaa na ambao nyama ya ini lao ilipimwa tena, asilimia 74 hawakuonekana tena na hali hiyo. Pale dawa inapofanya kazi kwa kiwango hicho, kinachomrudisha mgonjwa nyuma mara nyingi ni kukosa dozi au kukosekana kwa dawa yenyewe, si upungufu wa vitamini.

Kwa peginterferoni hali ni tofauti, kwa kuwa dawa hiyo huegemea kinga ya mgonjwa, na mafanikio yake ni ya wachache: baada ya wiki 48 za sindano, takriban mgonjwa 1 kati ya 3 wenye HBeAg huipoteza na kuanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hapo ndipo vitamini D ingeweza kuwa na nafasi, na kwa kweli watafiti wa Italia na wa Thailand wameeleza kwamba tofauti ndogo katika vinasaba vinavyosimamia safari ya vitamini D mwilini huhusiana na mwitikio wa dawa hiyo. Matokeo hayo ni ya thamani kwa sayansi, kwa sababu vinasaba vya mtu haviathiriwi na ugonjwa wa ini alioupata baadaye, na kwa hiyo haviwezi kulaumiwa kwa kugeuza chanzo kuwa matokeo. Lakini yanatoka katika makundi madogo ya wagonjwa, na hata yakithibitishwa hayatatosha kusema kwamba kidonge cha vitamini D hufanya kile ambacho kinasaba hufanya tangu mtu anazaliwa.

Mafunzo kutoka homa ya ini C na Dar es Salaam

Historia ya homa ya ini C, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi kingine kabisa, inatoa onyo la wazi. Mwaka 2011 watafiti wa Israel walichapisha jaribio la wagonjwa 72, ambamo nusu yao walipewa vitamini D ya vizio 2,000 kwa siku pamoja na tiba ya kawaida ya wakati huo, yaani peginterferoni na ribavirini. Waliopona katika kundi la vitamini D walikuwa asilimia 86, na katika kundi jingine asilimia 42. Matokeo hayo yalizusha matumaini makubwa, lakini tafiti kubwa zaidi zilizofuata, zikiwemo zilizofanyika Australia, hazikuona kwamba kiwango cha vitamini D huamua nani apone. Kilichoibadili homa ya ini C hatimaye kilikuwa dawa mpya za kumeza zinazokishambulia kirusi moja kwa moja, zilizoanza kuenea kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 na kuwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, na mjadala wa vitamini D ukafifia wenyewe.

Onyo la karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili linatoka Dar es Salaam, na ndilo linalostahili kusomwa kwa utulivu kuliko mengine yote. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa kundi la zaidi ya watu 1,000 wenye VVU walioanza dawa za kufubaza virusi katika jiji hilo, ambao ulionyesha kwamba wenye upungufu wa vitamini D walikuwa na hatari ya kufa karibu mara mbili ya wale wenye vitamini ya kutosha. Uhusiano ulikuwa mkubwa, watafiti walikuwa makini, na mtu yeyote angeweza kukimbilia hitimisho. Badala ya kukimbilia hitimisho, watafiti walifanya jaribio la nasibu lililowahusisha watu wazima 4,000 wa Dar es Salaam waliokuwa wakianza dawa hizo wakiwa na vitamini D chini ya nanogramu 30: kundi moja lilipewa vizio 50,000 kwa wiki katika wiki za mwanzo na kisha vizio 2,000 kwa siku hadi mwaka mmoja, na kundi jingine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalikuwa bayana: vitamini D haikupunguza vifo, wala haikuzuia kifua kikuu cha mapafu kwa kiwango kinachoweza kuaminiwa. Mwaka huo huo jaribio la watoto 8,851 nchini Mongolia, nchi yenye upungufu mkubwa wa vitamini hiyo, nalo halikuona kinga dhidi ya maambukizi ya kifua kikuu.

Majaribio hayo hayakuhusu homa ya ini B, na si haki kuyafanya yawe hukumu ya mwisho juu yake. Yanachothibitisha ni kwamba uhusiano mkubwa kati ya vitamini D na maradhi ya kuambukiza unaweza kuyeyuka pale unapojaribiwa kwa haki, na kwamba kabla ya homa ya ini B kupata jaribio lake la ukubwa kama huo, hakuna msingi wa kumwahidi mgonjwa kuwa vidonge hivi vitaipa nguvu tenofovir anayoimeza. Mwongozo wa tiba uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 nao hauihesabu vitamini D miongoni mwa dawa za ugonjwa huu.

Jua la Afrika Mashariki

Viwango vya vitamini D vya Ulaya havifai kuhamishiwa Afrika Mashariki bila kufikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa mila zao ulikuta wastani wa takriban nanogramu 46 kwa mililita, kiwango ambacho wengi wa wagonjwa wa Frankfurt hawakukikaribia. Kwa upande mwingine, uchambuzi mpana wa nchi 23 za Afrika ulioongozwa na Reagan Mogire wa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 3 ana kiwango cha chini ya nanogramu 20, kwa hiyo si kweli kwamba kila anayeishi chini ya jua ana ya kutosha. Oman, ambako wasemaji wa Kiswahili ni wengi, na nchi nyingine za Ghuba ni ushahidi wa hilo, kwa kuwa jua huko ni kali na bado upungufu umeenea, kwa sababu joto huwafanya watu wakae ndani na mavazi hufunika sehemu kubwa ya ngozi. Mhamiaji anayeishi London au Toronto akiwa na ngozi nyeusi naye ana sababu ya kweli ya kupimwa, hasa anapokuwa na ugonjwa wa ini.

Pamoja na hayo, kuwepo kwa jua hakujaizuia homa ya ini B kuenea barani Afrika. Hilo halithibitishi kwamba vitamini D haina kazi, kwa kuwa mambo mengi hutofautisha bara moja na jingine, lakini linakumbusha kwamba njia kuu ya ugonjwa huu kuwa sugu ni kuambukizwa utotoni, na kwamba kinga iliyothibitika dhidi ya hilo ni chanjo inayotolewa ndani ya saa 24 tangu mtoto anapozaliwa na kufuatiwa na dozi nyingine.

Nafasi yake ya kweli

Vitamini D ina nafasi halali katika huduma ya mgonjwa wa homa ya ini B, ingawa nafasi hiyo ni ya mifupa kuliko ya virusi. Tenofovir ya aina ya zamani, yenye kifupi TDF, huweza kupunguza kidogo uimara wa mifupa na kuifanya figo ipoteze fosfeti, na mgonjwa mwenye upungufu wa vitamini D ana sababu zaidi ya kuangaliwa kwa upande huo. Aina mpya, yenye kifupi TAF, ina athari ndogo zaidi kwa mifupa na figo. Mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa, mzee, aliyewahi kuvunjika mfupa kwa pigo dogo au anayeishi bila jua anafaa kupimwa na, upungufu ukipatikana, kupewa vitamini kwa kipimo kinachosimamiwa na daktari. Kuzidisha si wema: kiwango cha juu ambacho jopo la Marekani lilikiona salama kwa mtu mzima kwa matumizi ya kila siku ni vizio 4,000, na anayemeza dozi kubwa kwa miezi mingi bila kupimwa hujiweka katika hatari ya kalsiamu kupanda katika damu na kuumiza figo, kiungo ambacho anayetumia tenofovir anapaswa kukilinda kuliko wengine.

Hatari kubwa zaidi ni mgonjwa kudhani kwamba vitamini inaweza kushika nafasi ya dawa. Anayeacha tenofovir ghafla bila ushauri wa daktari huweza kupata mlipuko wa virusi na kuumwa ini kwa ukali, na hakuna kidonge cha vitamini kitakachouzuia mlipuko huo.

Mwaka 2022 katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, ni asilimia 4.2 tu ya wenye homa ya ini B sugu waliokuwa wamepimwa na kujua hali zao, na waliokuwa wakipata dawa hawakuzidi asilimia 0.2, ilhali tenofovir isiyo na jina la kibiashara ilikuwa ikipatikana katika soko la dunia kwa takriban dola 2.40 kwa mwezi. Katika mwaka huo, mtoto mchanga aliyepata chanjo ya siku ya kwanza katika kanda hiyo alikuwa takriban 1 kati ya 5. Pengo hilo ndilo linaloua, na hakuna kiwango cha vitamini D kitakacholiziba. Kila familia na ipime damu mara moja ijue ina nini; kila aliyekutwa na ugonjwa na aulize kama anastahili dawa, na akishaianza asiiache; na kila wizara ya afya iwekeze fedha zake kwanza katika kipimo, katika tenofovir na katika chanjo ya mtoto anayezaliwa leo, kwa sababu hayo matatu yamekwisha kuthibitishwa.